Sungura, Uyoga na Wasia wa Beatrix Potter

Waandishi waliopendwa na watoto wa Uingereza ni wengi, lakini ni wachache waliochora kwa mkono wao wenyewe yale waliyoyaandika, na wachache zaidi waliochora baada ya kuchungua kwa subira kama ile ya Beatrix Potter, binti wa tajiri wa London aliyezaliwa tarehe 28 Julai 1866, akakulia ghorofani pamoja na mijusi, popo, vyura na sungura, ambao yeye na nduguye Bertram waliwafuga na kuwachora wangali hai, na baadhi yao walipokufa wakawachemsha ili wapate kuisoma mifupa yao.

Ndiyo maana Peter, sungura wa hadithi yake, hata akivishwa koti la buluu, habadiliki kuwa mtu. Sisi tuliolelewa kwa ngano zetu humtazamia sungura awe laghai wa kumhadaa simba. Peter hana hila hizo, bali ni mtoto mtundu tu aliyekaidi kauli ya mamaye akaingia katika bustani ya watu, ilhali baba yake alikwisha kuangamia humohumo na kuliwa. Kisa hicho kilianza kama barua, Septemba 1893, kwa mtoto mgonjwa wa aliyekuwa mwalimu wake wa nyumbani. Wachapishaji walipokikataa, alikipiga chapa kwa fedha zake, nakala 250, mnamo Desemba 1901, na mwaka uliofuata kampuni ya Frederick Warne ikakitoa kwa sharti kwamba picha zitiwe rangi.

Lakini kazi yake iliyo adhimu zaidi, kwa rai yangu, ni ile iliyofunikwa na umaarufu wa sungura, nayo ni uyoga. Alichora mamia ya picha zake kwa rangi za maji, akipata mawaidha na vielelezo kutoka kwa Charles McIntosh, tarishi wa barua huko Uskoti aliyekuwa mjuzi wa mimea. Na katika picha hizo utaona uyoga mzima ukisimama na kuvumwani shinani, na kando yake mwingine uliopasuliwa katikati, ili mapindo membamba ya chini ya mwavuli yadhihirike. Fauka ya hayo, aliziotesha chembe za uzazi wa uyoga nyumbani na kuzichora kwa msaada wa hadubini. Makala yake juu ya jambo hilo iliwasilishwa mbele ya jumuiya ya wanasayansi iitwayo Linnean Society tarehe 1 Aprili 1897, naye mwenyewe hakuwapo, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria. Jumuiya hiyo ilikiri dhuluma yake mwaka 1997, yaani baada ya karne nzima, toba ambayo haikumfaa marehemu kitu.

Mwaka 1905, kwa mapato ya vitabu, alinunua shamba la Hill Top katika nchi ya maziwa kaskazini mwa Uingereza, akaendelea kununua mengine, akawa mfugaji mahiri wa kondoo wa Herdwick, waliozoea baridi ya milima ile. Alipofariki tarehe 22 Desemba 1943, aliliachia shirika la hifadhi la National Trust zaidi ya ekari 4,000 pamoja na mifugo, akiusia kondoo wa Herdwick waendelee kufugwa katika mashamba yake. Nyumba ya Hill Top iko wazi kwa wageni, na picha nyingi za uyoga zimehifadhiwa katika makumbusho ya Armitt mjini Ambleside.