Mahema Shambani: Vibali vya Kukaribisha Wageni Nchini England

Shule zinapokaribia kufungwa, wazo hili huibuka tena katika jumuiya zetu: ndugu mwenye ekari chache, au anayekodi malisho, anataka kukaribisha familia zije kulala kwenye mahema. Hataki kujenga hoteli. Anataka nyasi zilizofyekwa, bomba la maji, choo safi na mahali pa kuwasha moto jioni. Ni wazo jema, na sheria ya England imeliachia nafasi. Kinachowaponza wengi ni kutangaza kwanza na kuuliza baadaye.

Tangu Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya mwaka 1947, kumiliki ardhi ni jambo moja, na haki ya kubadilisha matumizi yake ni jambo jingine linalohitaji idhini. Anayejua hati za Tanzania na masharti yake ya matumizi, au aliyewahi kwenda kaunti nchini Kenya kuomba kubadilisha matumizi ya kiwanja, hatashangazwa na hilo. Shamba la kilimo haligeuki kambi kwa sababu tu mwenyewe ameamua.

Siku 60, nafasi 50

Julai 26, 2023 ilianza kutumika kanuni inayoruhusu kambi za mapumziko bila kupitia maombi kamili ya mipango. Inampa mwenye ardhi siku zisizozidi 60 katika mwaka wa kalenda na nafasi zisizozidi 50. Mahema na magari ya kulala yanayojiendesha yanaruhusiwa. Karavani za kukokotwa haziruhusiwi. Kanuni hii ni ya England peke yake. Wales, Scotland na Ireland Kaskazini zina taratibu zao.

Kila mwaka, kabla ya mgeni wa kwanza, lazima uiarifu halmashauri kwa maandishi, utaje tarehe za kambi na uambatanishe ramani ya eneo. Ramani hiyo isikutishe, ila ichore kwa uangalifu. Onyesha lango, njia ya magari, nafasi za mahema, vyoo na mahali pa kukusanyia taka. Vyoo na utupaji taka ni sharti la kanuni yenyewe, kwa hiyo ramani isiyovionyesha haijakamilika. Onyesha pia nyumba ya jirani iliyo karibu, kisha usogeze mahema mbali nayo. Jirani asiyelala kwa kelele ndiye atakayepiga simu halmashauri.

Kuna maeneo ambayo kanuni haiyagusi: ardhi iliyohifadhiwa kwa umuhimu wake wa kisayansi, penye mnara wa kale unaolindwa, na uwanja wa jengo la kihistoria lililoorodheshwa. Kwenye eneo la mafuriko lazima upate kwanza idhini ya awali. Halmashauri pia inaweza kuwa imeiondoa haki hii katika sehemu fulani, basi uliza kuhusu shamba lako hasa.

Leseni ni jambo la pili

Idhini ya mipango haifuti sheria nyingine. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1936 inadai leseni pale ardhi inapowekwa mahema kwa zaidi ya siku 42 mfululizo, au zaidi ya siku 60 ndani ya miezi 12. Kwa hiyo anayezipanga siku zake zote 60 kwa mkupuo mmoja hajavunja kanuni ya mipango, lakini leseni inamhusu. Magari ya kulala nayo yanaweza kuhitaji leseni chini ya sheria ya karavani ya mwaka 1960.

Maji ya kisima au chemchemi yakitumiwa na wageni wanaolipa, halmashauri inapaswa kuyafanyia tathmini ya usalama. Na ukitaka kuwauzia pilau au nyama choma, sajili biashara ya chakula siku 28 kabla ya kuanza. Usajili huo ni bure.

Kinachohamishika na kisichohamishika

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Kanuni inaruhusu vitu vinavyohamishika na vinavyohitajika kwa kambi, kama choo cha kukodi. Kibanda kinachobaki mwaka mzima, jukwaa la mbao lililofungwa ardhini au barabara ya kokoto ni habari nyingine: vinahitaji maombi kamili. Ukijenga bila idhini, halmashauri inaweza kukuamuru uvibomoe, na kupuuza amri hiyo ni kosa la jinai. Anza na vya kukodi. Ukiona wageni wanakuja, omba idhini ya kudumu ukiwa na misimu yako kama ushahidi.

Wanaokodi wana hatua moja zaidi. Mikataba mingi ya ukodishaji wa mashamba hutaja kilimo pekee, kwa hiyo idhini ya halmashauri haimfungi mwenye ardhi. Pata ridhaa yake kwa maandishi, kisha mweleze wakala wa bima kwamba sasa unapokea umma.

Watoto wetu wengi wanakulia kwenye ghorofa za mijini, na kulala shambani kunawapa kitu ambacho wazazi wao walikipata bila kukilipia. Kazi hiyo inastahili kulindwa kwa makaratasi yaliyokamilika. Iandikie halmashauri kabla hujapokea hata pauni moja ya mgeni.