Kabla mbao hazijaingia mashineni

Meza ya kazi ya seremala huanza na mbao za msumeno, zile zenye manyoya, kwa kuwa ni nafuu na bado zina unene wa kuchezea. Mbao za paini kutoka Sao Hill, Mufindi, mara nyingi hufika Dar es Salaam zikiwa nzito kwa maji. Zikipelekwa mashineni hapohapo zitatoka laini na kupendeza, zitaunganishwa kwa gundi, na baada ya muda uso wa meza utakuwa na mabonde.

Gundi haina kosa. Mbao zikikauka husinyaa, na husinyaa karibu mara mbili zaidi kwa kufuata duara za umri kuliko kutoka kiini kwenda gome. Ndiyo maana ubao uliopasuliwa bapa hujikunja. Zipange kivulini, kila tabaka litenganishwe kwa vijiti vya unene mmoja, vikae mstari mmoja toka chini hadi juu. Ncha zipake rangi ya mafuta, maana huko maji hutoka upesi na mbao hupasuka. Ubao wa inchi 2 hudai subira ya miezi.

Zikikauka, zikate kwanza zikaribie urefu wa meza. Upinde wa ubao wa futi 12 hupungua sana ukiukata vipande viwili. Kisha laza fito mbili zilizonyooka, moja kila mwisho wa ubao, uchutame utazame juu ya fito ya karibu. Ile ya mbali ikiinuka upande mmoja, ubao umejinyonga. Piga randa kwenye pembe mbili zilizo juu, zinazotazamana kimshazari, kisha pima tena.

Hapa sikubaliani kabisa na mafundi wanaoiachia mashine ya unene kazi yote. Rola zake huukandamiza ubao unyooke wakati wa kukatwa. Ukitoka, hurudia upinde wake, safari hii ukiwa mwembamba. Nyoosha uso mmoja kwanza, hata kwa randa ya mkono, halafu ubavu kwa kuupima na skwea. Ndipo ubao uingie, uso ulionyooshwa ukiwa chini.

Bakiza milimita 2 au 3 juu ya unene unaoutaka, uzisimamishe mbao siku kadhaa zipate hewa pande zote, kwani unyevu wa ndani ukitoka hujipinda tena kidogo. Baada ya randa ya mwisho zigundishe mapema, nyuzi zote zikielekea upande mmoja, ili randa isichane uso utakaposawazisha meza nzima.