Kwa nini jedwali hupoteza vichwa likivuka ukurasa

MWALIMU aliyepokea orodha ya matokeo ya wanafunzi 100 iliyochapishwa kwa kompyuta anaweza kufungua ukurasa wa pili akakuta alama 71, 64 na 58, asijue ipi ni ya Hisabati na ipi ni ya Kiingereza. Vichwa vya safu vimebaki ukurasa wa kwanza.

Kasoro hiyo haitokani na printa. Chanzo chake ni maelekezo ambayo mtunzi wa programu hakuyaandika.

Kwenye skrini jedwali huweza kuendelea chini kadiri data zilivyo, lakini karatasi ina mwisho. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Programu nyingi za kuandaa nyaraka hupima kwa pointi, ambazo 72 ni sawa na inchi moja. Kwa kipimo hicho, A4 ni takriban pointi 595 kwa 842. Pambizo ya inchi moja ikiachwa kila upande, hubaki pointi 451 kwa 698.

Iwapo kila mstari una kimo cha pointi 20, ukurasa hubeba mistari 34. Mmoja ukitengwa kwa ajili ya vichwa, hubaki 33 ya majina. Orodha ya wanafunzi 100 basi huhitaji kurasa nne, na ule wa mwisho hubeba jina moja tu. Kimo kikipunguzwa hadi pointi 19, orodha nzima huenea katika kurasa tatu.

Namna ya kurudia vichwa hutofautiana kulingana na zana inayotumika. Katika Microsoft Word, msimbo wa VBA huupa mstari wa kwanza sifa ya HeadingFormat, nayo AllowBreakAcrossPages ikizimwa huzuia mstari mmoja kukatwa katikati ya kurasa mbili. ReportLab, maktaba ya lugha ya Python inayotengeneza faili za PDF, hutumia repeatRows. Kwa upande wa WPF, iliyotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2006 kwa programu za Windows, jedwali la FlowDocument halina agizo la namna hiyo. Mtunzi hulazimika kugawa kurasa mwenyewe.

Upana nao una hatari zake. Safu zikizidi nafasi iliyopo, ya mwisho huangukia nje ya karatasi. Katika ankara, safu hiyo kwa kawaida ndiyo yenye jumla ya fedha, hivyo mteja hukabidhiwa hati isiyoonyesha anachodaiwa.

Utaratibu ulio salama ni kuzipa safu za tarakimu upana maalumu, kuzipanga tarakimu upande wa kulia, kisha kuiachia safu ya majina nafasi iliyobaki. Hata hivyo, jina refu hushuka mstari wa pili na kuongeza kimo. Kwa sababu hiyo, programu haina budi kupima kimo halisi cha kila mstari kabla ya kuamua ukurasa uishie wapi.

Aidha, jaribio la mistari mitano halitoshi, kwa kuwa hutosha katika ukurasa mmoja na kuficha kasoro zote. Jedwali hupimwa kwa orodha inayovuka ukurasa, yenye jina refu kuliko yote na kiasi kikubwa kuliko vyote, likiwa limechapishwa kwenye karatasi.