Upungufu wa sukari katika damu na ubongo

Upungufu wa sukari katika damu (pia: haipoglisemia) ni hali ambapo glukosi katika damu hushuka chini ya kiwango kinachohitajika. Kwa mgonjwa wa kisukari, kiwango kilicho chini ya milimoli 3.9 kwa lita huhesabiwa kuwa cha chini.

Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati wakati wa kupumzika, yaani kama gramu 120 za glukosi kwa siku. Ini na misuli huweka akiba. Ubongo karibu hauna. Glukosi huingia ubongoni ikibebwa na protini zilizo katika kuta za mishipa midogo ya damu, bila kuhitaji insulini. Ikipungua katika damu, inayoingia hupungua pia.

Mwili huonya kwanza kwa jasho, kutetemeka, njaa na moyo kwenda mbio. Baadaye seli za neva hukosa nishati: mgonjwa huchanganyikiwa, husema ovyo, hata kudhaniwa amelewa, kisha hupata degedege na kupoteza fahamu. Katika njaa ya muda mrefu ini hutengeneza ketoni, ambazo ubongo huweza kuzitumia. Lakini insulini huzuia utengenezaji huo, hivyo upungufu unaoletwa na insulini ni wa hatari zaidi.

Mlo wa Ufipa, ugali wa mahindi au wa ulezi, humeng'enywa kuwa glukosi, na ini hutunza sehemu yake kwa ajili ya usiku. Akiba ya mtoto ni ndogo, na malaria kali huimaliza upesi. Uwanda wa juu wa Sumbawanga una baridi na malaria chache kuliko bonde la Ziwa Rukwa, kwa hiyo mtoto wa uwandani anayeshuka bondeni huwa na kinga ndogo.

Kwinini, dawa ya zamani ya malaria kali, huchochea kongosho kutoa insulini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 wa Afrika, wakiwemo wa Korogwe na Muheza, ulionyesha kwamba artesuneti husababisha upungufu huo mara chache zaidi na huokoa maisha zaidi.

Degedege la malaria lina sababu kadhaa, hivyo sukari ya damu ipimwe mara moja. Mtoto aliyezimia hanyweshwi kitu. Pasipo na dripu ya glukosi, kijiko cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa matone ya maji huwekwa chini ya ulimi wakati akipelekwa hospitali.