Nduthi yako imekosa nguvu? Usifungue injini kwanza

Umetoka steji ya Kawangware 46 na abiria mmoja tu, unaelekea Kangemi. Wiki jana nduthi ilikuwa inapanda ule mlima bila maneno. Leo unarudi gia ya pili, unavuta mafuta hadi mwisho, na wenzako wanakupita. Fundi wa kwanza anapiga kiki mara moja, anatikisa kichwa: "Ringi zimeisha hizi. Tufungue injini."

Tulia kidogo. Pikipiki ikilala kwa fundi siku tatu, anayekudai mkopo wa kila siku halali.

Ni kweli mashine huchoka. Ukizunguka kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hizo ni kilomita 30,000. Kufikia mwaka wa tatu kuna vitu vimelika, hata kama mita ilikufa zamani. Lakini kufungua injini ndiyo hatua ya mwisho.

Anzia chini. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, bila gia, uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Likiwa zito, breki inashika au cheni imekauka. Hapo hujatumia hata bob moja.

Kisha klachi, na hapa ndipo wengi huliwa pesa. Ukiwa barabarani gia ya juu, vuta mafuta ghafla. Injini ikilia na kasi isiongezeke, injini yenyewe pengine haina shida, ni klachi inateleza. Kagua kebo kwanza; ikikazwa kupita kiasi, hata sahani mpya hazishiki. Pia uliza ulimwagiwa oili gani. Oili nyingine za magari huwa na dawa ya kupunguza msuguano, nayo klachi ya pikipiki huoga ndani ya oili hiyo hiyo. Tafuta mkebe wenye alama ya JASO MA.

Kama sauti na kasi zote zinapanda kwa uvivu, basi injini haipumui au haili vizuri. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo hata pikipiki mpya hapa haina nguvu iliyo nayo Mombasa. Ongeza chujio la hewa lililojaa vumbi la mtaa uone. Kuna majamaa hulitoa kabisa wakisema nduthi imekuwa nyepesi. Itakuwa nyepesi kweli, halafu vumbi lisage ringi kama msasa, na yule fundi wa kwanza aje kuwa sahihi.

Fungua plagi uitazame. Ikiwa nyeusi na kavu, mafuta ni mengi kuliko hewa. Ikiwa nyeupe, mafuta hayafiki vizuri, huenda kabureta imeziba. Ikiwa imelowa oili, hiyo ni habari mbaya. Na petroli ya chupa, achana nayo. Uchanganyaji wa mafuta ya taa ulikuwa umezidi nchini hadi mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha.

Bado? Rekebisha valvu, injini ikiwa baridi. Valvu iliyobana haifungi sawasawa na mgandamizo huvuja, kiki ikawa nyepesi kana kwamba ringi zimekwisha. Ni kazi ndogo.

Sasa ndipo umwambie fundi alete geji ya mgandamizo. Apime, amwage kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, apige kiki mara kadhaa, kisha apime tena. Kipimo kikipanda sana, ni ringi au silinda, hasa kama ekzosi hutoa moshi wa samawati. Kisipopanda, pengine ni valvu au gasketi, na hakuna haja ya kuchonga silinda.

Fundi akikosa geji, azima au tafuta fundi mwingine. Na akifungua, kaa hapo hapo, ringi kuukuu akupe mkononi.