Jina moja, vitu viwili: marumaru za Kariakoo

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kariakoo na Gerezani, jijini Dar es Salaam, neno marumaru hutumika kwa vitu viwili visivyo na asili moja: jiwe linalochimbwa ardhini na kukatwa mabamba, na kigae cha udongo uliochomwa kiwandani. Muuzaji na mteja huelewana bila taabu wakati wa kununua, lakini mkanganyiko huo huleta hasara siku ya kusafisha, kwa kuwa dawa inayokitakatisha kigae hulila jiwe.

Marumaru ya asili ni kalsiamu kaboneti, madini yaleyale yaliyomo katika ganda la yai na katika matumbawe yaliyojenga Boma la Kale, pale bandarini, katika miaka ya 1860. Tone la ndimu likidondoka juu ya bamba lililong'arishwa hutoa vipovu vidogo, na hata likifutwa huacha alama iliyofifia ambayo hakuna sabuni itakayoiondoa, kwa sababu alama hiyo si uchafu bali ni jiwe lenyewe lililoliwa. Fundi pekee ndiye awezaye kulirudishia mng'ao, kwa kulisugua upya kwa msasa laini.

Wanaoumia zaidi ni wenye ngazi za terazo, yaani saruji iliyochanganywa na vipande vya marumaru kisha ikasagwa hadi ikang'aa, ambazo bado zimejaa katika maghorofa ya zamani ya katikati ya jiji. Asidi ya chooni ikimwagwa hapo huila saruji na marumaru kwa pamoja, uso ukawa na vinyweleo, uchafu ukajikita humo, na msafishaji, akiona weusi umerudi upesi kuliko awali, humwaga asidi nyingine. Ni jambo la kusikitisha kwamba sakafu iliyostahimili miguu ya vizazi viwili huharibiwa na bidii ya kuitunza.

Kigae chenyewe hustahimili, ila grauti, ule ujazo wa saruji kati ya kigae na kigae, haistahimili: ikilika, maji hupenya chini, na kigae kikigongwa kwa kifundo cha kidole hutoa mlio wa kitu kitupu. Asidi isichanganywe kamwe na dawa ya madoa yenye klorini, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Kabla ya kudeki ni lazima kufagia, kwa kuwa chembe za mchanga zinazoingia na viatu ni ngumu kuliko marumaru na hulikwaruza jiwe kila zinapoburutwa na dekio. Baada ya hapo hutosha sabuni ya maji isiyo kali, maji safi ya kusuuza, na kitambaa kikavu. Asiyejua ana jiwe au kigae na adondoshe ndimu kwenye pembe iliyojificha nyuma ya mlango: ikitoa vipovu, chupa ya asidi ibaki dukani.