Kuchomeka, Kulaza, Kubandua: Namna ya Kuweka Prosesa na Kipozajoto katika Seva

Fundi anayeongeza prosesa ya pili katika seva hafanyi kazi ndefu. Akiwa na vifaa vyote mezani, huenda akamaliza kabla ya saa moja. Hata hivyo ni kazi ambayo kosa lake halirekebishiki kwa urahisi, kwa kuwa soketi iliyo juu ya ubao mama ina pini nyembamba mithili ya unywele zinazohesabika kwa maelfu, na pini moja ikipinda, ubao mzima waweza kukosa kufaa. Katika chuo kikuu ambacho seva moja hubeba matokeo ya mitihani, orodha za wanafunzi na tasnifu zao, hasara hiyo si ya fundi peke yake. Makala hii inakusudia kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, na papo hapo kuonyesha kwamba sehemu ya hatari yake imo katika lugha ambayo maelekezo hutolewa.

Mfano utakaofuatwa ni seva zenye prosesa za Intel Xeon za ukoo ulioanza kuuzwa mwaka 2017, zikaazo katika soketi iitwayo LGA 3647. Tarakimu hizo ni idadi ya pini zake. Kuhusu majina, neno prosesa limekwisha kuzoeleka, nalo lina faida ya kueleweka na aliyesoma kwa Kifaransa na aliyesoma kwa Kiingereza vilevile. Hapana sababu ya kulipiga vita. Kipozajoto ni lile bonge la shaba au alumini lenye mapezi mengi membamba, ambalo hupokea joto la prosesa na kulitoa katika hewa inayosukumwa na feni. Ugumu hauko katika majina. Uko katika vitenzi.

Vitabu vya maelekezo humfikia fundi wa Lubumbashi au wa Bukavu kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, naye huwafasiria wasaidizi wake kwa Kiswahili huku mikono ikiendelea na kazi. Pale kitabu kisemapo insérer, ulimi hukimbilia ingiza au chomeka. Zamani chomeka lilikuwa neno la haki: pini zilikuwa upande wa prosesa, nazo zilitumbukia katika matundu ya soketi. Lakini mwaka 2004 Intel ilihamishia pini upande wa soketi katika kompyuta za mezani, na mwaka 2006 seva za Intel na za AMD zikaanza kufuata njia hiyo. Tangu hapo prosesa ya namna hiyo haina cha kuchomekwa. Tumbo lake ni bapa, lenye vidoa vya dhahabu, nalo hulazwa juu ya pini zinazonepa kama springi. Mwenye kusikia chomeka hutafuta tundu, na asipoliona hukandamiza. Mwenye kusikia laza hushusha kitu pole pole, kisha huondoa mkono.

Kabla ya kulaza chochote yapo maandalizi ambayo wengi huyapita mbio. Prosesa mbili za ubao mmoja sharti ziwe za modeli moja. Iwapo prosesa mpya ni za kizazi cha pili, kilichotoka mwaka 2019, programu ya msingi ya ubao, yaani BIOS, lazima isasishwe wakati prosesa za zamani zingalimo, maana baadaye seva haitawaka ili isasishwe. Kisha seva huzimwa na nyaya zote za umeme huchomolewa. Mara nyingi nyaya hizo ni mbili, na aliyechomoa mmoja hajazima kitu. Fundi huvaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na chuma cha kasha. Jambo hili lisidharauliwe, hasa katika miezi mikavu ya kiangazi cha Katanga: mwili wa binadamu hauhisi umeme tuli mpaka ufike kiasi cha volti 3000 hivi, ilhali vipo vipande vya elektroniki vinavyoharibika kwa volti zisizofika 100. Mtu aweza kuua kifaa asihisi lolote.

Sehemu inayohitaji maelezo marefu zaidi ni ile krimu ya kijivu inayokaa kati ya prosesa na kipozajoto. Wanafunzi huidhani gundi. Nyuso mbili za chuma, hata zikiwa zimesuguliwa hadi kung'aa, hazigusani kila mahali. Kati yake hubaki mashimo madogo yasiyoonekana, na mashimo hayo hujaa hewa. Hewa hupitisha joto vibaya mno: kiasi cha wati 0.026 kwa mita kwa kila digrii, ambapo shaba hupitisha takribani wati 400. Krimu za kawaida hupitisha wati chache tu, mara nyingi chini ya 10. Kwa hiyo krimu ni bora kuliko hewa mara nyingi sana, na ni duni kuliko shaba mara nyingi vilevile. Kazi yake ni kujaza mashimo, wala si kuwa tabaka. Anayeipaka nene kama siagi juu ya mkate ameweka kizuizi mahali palipohitaji daraja. Na joto lenyewe si haba. Xeon Platinum 8180 ya mwaka 2017 ilipangiwa wati 205, zote zikitoka katika kipande kisichozidi kiganja.

Kipozajoto kipya kwa kawaida hufika kikiwa kimekwisha kupakwa krimu kiwandani, nacho hakiongezwi kitu. Kilichotumika hupanguswa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa pombe ya isopropili, mpaka chuma kiwe kitupu. Ndipo hupakwa krimu mpya kidogo. Mtu asitandaze kwa kidole. Shinikizo la kipozajoto litaitandaza lenyewe.

Katika soketi hii prosesa haiwekwi peke yake. Kwanza hunaswa katika fremu nyembamba ya plastiki, na fremu hiyo hunaswa chini ya kipozajoto, hata vitu vitatu vikawa kimoja. Pembe moja ya prosesa ina alama ya pembetatu, nayo hulinganishwa na pembetatu ya fremu na ile ya soketi. Ndipo kifuniko cha plastiki cha soketi huondolewa, kisitupwe, na pini huangaliwa kwa mwanga wa kurunzi unaotoka ubavuni. Pini zilizo salama hung'aa kwa mistari iliyonyooka kama shamba lililopandwa kwa kamba. Iliyopinda huvunja mstari. Hapana mkono unaogusa pini hizo, wala kitambaa, wala pumzi ya mdomo, maana pumzi ina unyevu. Sasa bonge lote hushikwa kwa mikono miwili na kushushwa sawasawa, likiongozwa na nguzo za soketi, mpaka litue. Likikataa kutua, halisukumwi. Hunyanyuliwa wima na kutazamwa upya.

Baada ya hapo huja skrubu, na hapa ndipo soketi hii inapotofautiana na za kabla yake. Katika nyingi za zamani, wenzo wa chuma uliibana prosesa juu ya pini, na kipozajoto kilikuja baadaye na skrubu zake. Katika LGA 3647 wenzo huo haupo. Skrubu za kipozajoto ndizo zinazogandamiza prosesa juu ya pini 3647, na ndizo zinazogandamiza shaba juu ya prosesa. Mguso wa umeme na mpito wa joto vimetegemea kitu kimoja. Ndiyo maana skrubu iliyolegea haileti joto tu. Huenda seva ikawaka vizuri, ila sehemu ya kumbukumbu yake isionekane, na fundi akashinda siku nzima akibadilisha vipande vya kumbukumbu visivyo na kosa.

Skrubu hizo ni mbili au nne, kwa kutegemea mtengenezaji wa seva, na namba zake zimechapishwa juu ya kipozajoto chenyewe. Hukazwa kwa bisibisi yenye ncha ya nyota ya ukubwa wa T30, kwa kufuata namba. Atakayekaza pembe moja hadi mwisho kabla bonge halijatua sawa ataliinamisha, na pini za upande huo zitabeba mzigo wa wenzake. Nguvu inayotakiwa ni takribani nyutoni-mita 1.4, ambayo ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Bisibisi yenye kipimo, ikipatikana, huondoa ubishi. Kiswahili kina kaza na kazia, na tofauti yao inafaa hapa: fundi hukaza skrubu zote kwa zamu, wala hazidishi kukazia moja kwa kuihofia.

Kabla ya kuwasha, kifuniko cha ndani kinachoongoza hewa hurudishwa. Wapo wanaokiona pambo. Bila hicho hewa ya feni hupita pembeni, na prosesa hujipunguzia mwendo ili isiungue. Seva ikiwaka, feni hunguruma kwa nguvu kisha hutulia. BIOS ionyeshe prosesa mbili na kumbukumbu yote, maana kila prosesa huhudumia matundu yake ya kumbukumbu, na yale ya soketi tupu hayafanyi kazi. Jambo moja zaidi linawahusu wakazi wa nyanda za juu. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1200 hivi, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Kwa seva za daraja ambalo miongozo ya ASHRAE huliruhusu digrii 35, kiwango hicho hupungua kwa digrii moja kila mita 300 kuanzia mita 900. Chumba cha Lubumbashi basi kina digrii 34.

Yabaki kuondoa. Kiswahili hugeuza maana ya kitenzi kwa mnyambuliko wa kutendua: chomeka na chomoa, bandika na bandua. Mwanafunzi aliyezoea chomoa atalegeza skrubu kwa mpangilio wa kinyume, kama itakiwavyo, kisha atavuta. Bonge litanyanyuka na prosesa ndani yake, na hilo si kosa katika soketi hii. Kosa huja anapotaka kuitenga prosesa: krimu ya zamani imekauka na kushika, naye akivuta kwa nguvu prosesa huchomoka ghafla na kuanguka, pengine juu ya pini. Kitenzi kinachofaa ni bandua. Fremu ina nafasi ndogo ubavuni ya kutia ncha bapa ya bisibisi. Ikizungushwa taratibu, krimu huachia upande mmoja, kisha mwingine. Iwapo imeshika sana, kipozajoto kilichokuwa kikifanya kazi dakika chache zilizopita, chenye vuguvugu bado, huachia kwa wepesi zaidi. Na soketi iliyoachwa wazi hufunikwa papo hapo kwa kile kifuniko cha plastiki kilichohifadhiwa tangu siku ya kwanza.